Mwache Mtoto Aguse Udongo

Mazungumzo na wazazi wa watoto wadogo, katika mkutano wetu wa Jumamosi, Durban

Najua humu wapo wanaosuka nywele, wapo wanaolinda magari, na wapo ambao Jumamosi ndiyo siku yao pekee ya kufua. Sitawachelewesha.

Niliombwa nizungumze juu ya watoto wadogo na shule. Wengi mlitarajia niseme juu ya karatasi za kuandikisha, ada na sare. Hayo yana siku yake. Leo nataka tuzungumze juu ya udongo. Naona wengine mmeanza kutazamana. Nisikilizeni kwanza.

Kosa langu mwenyewe

Nianze na jambo nililolikosea mimi. Mama mmoja kati yetu alinipigia simu jioni moja amekasirika sana. Ameniruhusu kulisimulia, jina tu ndilo tumeliacha kwa ajili ya jarida. Aliniambia, "Mdogo wangu, njoo uone walivyomfanya mwanangu."

Nilikwenda. Mtoto wa miaka 4 alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati lake jeupe limekuwa jekundu, matope mpaka masikioni. Chumba chenyewe mnakijua, maana wengi wetu tumeishi humo: flati moja, familia nne, pazia katikati, bomba moja, na zamu ya kufua mara moja kwa wiki. Mama akasema, "Watoto wa wenyeji wanaangaliwa. Wa kwetu anaachwa agaegae kwenye matope kama asiye na mwenyewe."

Nilimwelewa. Mimi pia nimekulia katika foleni. Kila tulipokwenda ofisini, mama yangu alitupangusa nyuso kwa upindo wa kitenge mpaka mlangoni. Alikuwa akisema: mtu akishakudharau kwa karatasi zako, usimpe sababu ya pili. Kwa hiyo shati la mtoto kwetu si nguo tu. Ni ulinzi.

Kesho yake nikampigia mwalimu wa kreshi. Nikasema, "Mzazi anaomba mtoto wake asichafuke." Mwalimu akakubali bila kuuliza. Nikafunga daftari langu, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Baada ya wiki mbili nilipita pale kwa shughuli nyingine. Watoto wote walikuwa uani, kwenye lundo la mchanga. Mtoto wetu alikuwa ndani peke yake, ameketi kwenye kiti kidogo karibu na dirisha, shati safi, mikono juu ya mapaja, akiwatazama wenzake. Nikamwuliza mwalimu, kwa nini? Akashangaa. Akasema, "Si ninyi mlisema asichafuke?"

Mtoto yule alikuwa na miezi mitatu pale, na hakuwa amesema neno hata moja shuleni. Kiswahili hawakukijua wenzake, Kizulu hakukijua yeye. Na mimi nilikuwa nimemwondoa mahali pekee ambapo angeweza kukaa na wenzake bila kuhitaji maneno.

Nilikuwa nimetafsiri sentensi, basi. Sikumweleza mwalimu shati chafu lina maana gani kwa mkimbizi. Sikumweleza mama matope yana maana gani kwa mwalimu. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, na siku ile sikuifanya.

Tukakaa watatu. Mwalimu akatuonyesha ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani. Mchezo wa nje, mchanga na maji, vimeandikwa mle kama hadithi na nyimbo zilivyoandikwa. Tukakubaliana: mama atatia nguo kuukuu kwenye mfuko wa plastiki, mtoto atabadilishwa kabla ya kutoka nje, na mwalimu atamsuuza mikono na miguu kwenye beseni kabla ya kumvalisha shati lake tena.

Jumatatu iliyofuata nilikaa pale kidogo. Mtoto alikuwa akijenga kitu, sijui nyumba, sijui gari. Mchanga ulikuwa mkavu, kila anaposimamisha ukuta unabomoka. Akamgeukia msichana mmoja Mzulu aliyeshika kopo, akapaza sauti: "Leta maji!"

Msichana akainuka, akaenda bombani, akaleta maji.

Wale mnaojifunza Kizulu mmeshaelewa. Kizulu chake ni "letha amanzi". Hakuna mtu aliyemtafsiria yule binti. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mtoto wetu pale shuleni, na yaliitikiwa papo hapo.

Tunachokijua tayari

Sasa niwaulize. Nani humu hakucheza na udongo? Nani hakupika ugali wa matope kwenye kifuniko cha chupa?

Mimi niliondoka Fizi mwaka 1996 nikiwa na miaka 7, tukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na kutoka pale tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule. Mliopita kule mnalikumbuka lile vumbi jekundu. Nyumba tulijenga wenyewe, kwa matofali ya udongo tuliyoyafyatua kwa mikono. Wakubwa wakifyatua makubwa, sisi watoto tulifyatua madogo pembeni, kwa kiberiti kitupu.

Na tulijifunza bila mtu kutufundisha. Udongo wenye mchanga mwingi, tofali linamomonyoka ukiligusa. Udongo wa mfinyanzi mtupu, tofali linapasuka likikauka juani. Ukichanganya vizuri, ukatia na majani makavu, linakaa. Miaka mingi baadaye, hapa Durban, nikiwa chuoni, mhadhiri aliandika ubaoni aina za udongo: kichanga, mfinyanzi, tifutifu. Wenzangu walikuwa wakinakili ili wakariri. Mimi niliyajua yote matatu kwa vidole.

Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Tunaitumia methali hiyo kwa malezi, lakini aliyeisema kwanza bila shaka alikuwa mtu aliyeshika udongo. Alijua unapokauka haukunjiki tena. Watoto wetu wanaozaliwa kwenye ghorofa ya tano wataisikia methali hiyo na haitawaambia kitu.

Mtoto anajifunza nini pale

Mwalimu anapomtoa mtoto nje hakwepi kazi. Mwaka 2015 serikali ya hapa ilitoa mwongozo wa taifa wa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 4. Una maeneo sita: afya na ustawi wa mtoto, kujitambua na kujiona ni mmoja wa kundi, mawasiliano, hisabati, ubunifu, na kuufahamu ulimwengu. Chukua mtoto mmoja mwenye kopo la udongo, uone yanavyopita yote. Kopo limejaa, limebaki nusu, limekwisha: hiyo ni hisabati. Udongo mkavu ni mwepesi, ukilowa ni mzito: hiyo ni sayansi. "Nipe na mimi," "subiri zamu yako": hayo ni mawasiliano. Vidole vinavyofinyanga matope leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho.

Hayo yanaendelea mpaka Gredi R, mwaka ule kabla ya darasa la kwanza. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 imeifanya Gredi R kuwa ya lazima. Kwa hiyo mtoto wako atakutana na mchanga na maji shuleni, upende usipende. Heri akutane navyo akijua kwamba mama na baba wameridhia.

Chupa tatu

Huhitaji bustani. Unahitaji chupa tatu tupu zinazoonyesha ndani, zenye vifuniko.

Durban ina udongo wa kutosha kumfundisha mtoto. Chupa ya kwanza, tia mchanga wa ufukweni. Ya pili, tia udongo mwekundu wa huku Berea, Glenwood na Umbilo. Kilima hiki chote zamani sana kilikuwa vichuguu vya mchanga uliopeperushwa na upepo, na wekundu wake unatokana na chuma kilichomo, kama msumari unavyopata kutu. Ya tatu, tia udongo mweusi kutoka chini ya mti wenye majani yaliyooza. Kila chupa, theluthi moja udongo, juu yake maji. Funga. Mpe mtoto atikise mpaka achoke. Kisha weka dirishani, msiiguse.

Mchanga utatua upesi, kabla hujamaliza kuchemsha chai. Chembe ndogo zaidi zitachukua saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuyaacha maji machafu mpaka kesho yake au zaidi. Vipande vya majani vitaelea juu. Asubuhi mwulize mtoto, kwa lugha yenu ya nyumbani: kipi kimetangulia chini? Kwa nini? Maji ya chupa ipi yamekuwa safi? Akijibu vibaya, usimsahihishe haraka. Mwambie, "Tutikise tena tuone."

Usiogope kuuliza kwa Kiswahili, Kifulero, Kibembe au Kirundi. Mtoto mwenye neno la kitu katika lugha ya mama yake hupata la pili kwa urahisi. Matope, Wazulu wanaita "udaka". Udongo ni "umhlabathi". Ila mjihadhari na hili: ukisema "udongo" haraka, Mzulu anaweza kusikia "udonga", na kwake hilo ni ukuta, au korongo lililochimbwa na maji. Siku moja watoto walinicheka sana kwa neno hilo. Tukacheka wote, na hakuna aliyelisahau.

Mvua na kilima

Jaribio la pili linahitaji moyo kidogo. Kata chupa mbili za lita 2 kwa urefu, zilale kama mitumbwi. Moja tia udongo mtupu. Nyingine tia kipande cha nyasi pamoja na mizizi na udongo wake. Ziinamishe kidogo, weka kikombe mbele ya kila mdomo, kisha mimina maji polepole juu ya zote mbili. Kwenye udongo mtupu kikombe kitajaa matope. Kwenye nyasi maji yatatoka safi zaidi, na udongo utabaki mahali pake. Mizizi imeushika.

Kwa nini nasema linahitaji moyo? Kwa sababu baadhi yenu mlikuwa hapa tarehe 11 na 12 Aprili 2022, mvua ilipopiga mji huu, vilima vikaporomoka na nyumba zikaondoka. Katika jimbo hili la KwaZulu-Natal walikufa watu zaidi ya 400. Wengine mna ndugu Kalehe, Kivu ya Kusini, ambako Mei 2023 maji na matope yalishuka kutoka milimani yakachukua watu zaidi ya 400 vilevile. Nimekutana na watoto ambao mvua ikianza wanaingia chini ya kitanda.

Mtoto wa miaka 5 hahitaji kuambiwa idadi ya waliokufa. Lakini anaweza kuona kwa macho yake kwamba kilima hakikumkasirikia mtu. Maji yalizidi, udongo ukalegea, hapakuwa na mizizi ya kutosha ya kuushika. Woga hautakwisha kwa siku moja. Ila mtoto aliyekwisha kumimina mvua kwa mkono wake mwenyewe, akaona inafanya nini, ana jambo la kusema juu yake badala ya kulia tu. Ukiona woga wake hauishi, analala vibaya au anakojoa kitandani wakati wa mvua, njoo ofisini. Tutakutafutia mtu wa kuzungumza naye.

Na magonjwa je?

Hili ndilo swali mtakaloniuliza, na ni swali la haki. Udongo una minyoo. Mayai ya minyoo yanaingia kwa mikono michafu, na safura inaingia kupitia ngozi ya miguu iliyo wazi. Kumfungia mtoto ndani si dawa yake. Dawa ni mazoea haya.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila mtoto anapotoka kucheza, na kabla ya kula. Maji matupu hayatoshi. Kucha zikatwe ziwe fupi. Viatu vivaliwe mahali ambapo mbwa, paka au watu hujisaidia.

Mpeleke kliniki kila miezi 6. Tangu mwaka 1 mpaka miaka 5 mtoto hupewa dawa ya minyoo, na vitamini A huanza mapema zaidi, kwenye miezi 6. Chukua kile kitabu cha kliniki uangalie kama vimeandikwa. Angalia pia chanjo, maana pepopunda iko udongoni, na kinga yake iko katika chanjo zile za wiki 6, 10 na 14, na ile ya miezi 18. Kwa sheria ya hapa, mtoto chini ya miaka 6 hutibiwa bure katika kliniki ya serikali, na mama mjamzito pia. Mtu akikuzuia mlangoni, usirudi nyumbani kimya. Tupigie, tutakuja nawe.

Kuna udongo wa kuepuka. Usimruhusu achimbe chini ya kuta za majengo ya zamani yenye rangi inayobanduka, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, yaani ile madini yenye sumu, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usimruhusu penye vipande vya chupa au sindano. Tembea wewe kwanza, utazame, ndipo umwachie.

Na dada zangu wajawazito, nasema hili kwa heshima, maana najua pemba inauzwa hata hapa mjini na wengi tunaitamani. Kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na kunaweza kuuzidisha. Ukiona hamu hiyo, mwambie nesi akupime damu. Na mtoto anayekula udongo kila siku, si kuonja tu kama watoto wote wanavyoonja, mpeleke naye akapimwe.

Twende wapi?

Kuna woga mwingine ambao sitaujibu kwa sabuni. Ni woga wa kutoka nje. Wapo humu waliotukanwa barabarani mbele ya watoto wao. Wapo waliokimbia nyumba zao mwaka 2008 na tena mwaka 2015. Sitasimama hapa kuwaambia hakuna kitu. Nitasema tu: tusitoke peke yetu, na tuchague mahali.

Bustani ya mimea ya Durban, Durban Botanic Gardens, ipo tangu mwaka 1849, na kuingia ni bure. Vitanda vya maua havichimbwi, lakini chini ya miti mtoto anaweza kunusa udongo, kufunua majani makavu na kumtafuta jongoo. Wazulu wanamwita "ishongololo". Mwambie mtoto wako alitamke taratibu, atasikia jongoo wetu yumo mle ndani. Ufukweni ni pazuri asubuhi mapema, kabla ya umati. Baada ya mvua kubwa soma mabango kwanza, maana maji ya bahari mara nyingine hufungwa kwa uchafu. Mchanga ukiwa mkavu mnaweza kuucheza mbali na maji.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutaondoka hapa pamoja saa 2 asubuhi. Kina baba, nawaomba nanyi mje. Mtoto akimwona baba yake amechuchumaa kwenye mchanga, hatakisahau kitu hicho.

Na kama huwezi kutoka kabisa, beseni moja la udongo kwenye baraza linatosha. Panda maharage ya jikoni kumi. Baada ya wiki moja hivi yatachipua. Mwache mtoto ang'oe moja kila siku mbili atazame mzizi umefika wapi. Najua inauma kung'oa kilichoota. Ndiyo maana nimesema kumi.

Ninachowaomba

Wiki hii fanya mambo mawili tu. La kwanza, tia nguo kuukuu katika mfuko, uandike jina la mtoto, umpe mwalimu. Kama hujui kumweleza, sisi tumeandika barua fupi kwa Kiingereza na Kizulu, ipo mezani pale, chukua. La pili, mtoto akirudi nyumbani mchafu, kabla ya kumvua nguo, mwulize, "Umejenga nini leo?" Msikilize mpaka amalize. Kufua kutafuata.

Mimi nimemaliza. Mama niliyemsimulia yumo humu ukumbini, na mwanawe sasa yuko Gredi R. Ameleta chupa tatu kutoka kwake, zimekaa dirishani tangu juzi. Ndiye atakayetuonyesha, kisha tutakunywa chai na kuulizana maswali. Karibu mbele, dada.